Mcheza Kwao Atunzwe Angali Hai

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Usemi huo ulizaliwa uwanjani, palipokuwa na ngoma, na maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyehudhuria. Mwimbaji aliyewagusa watu alitunzwa palepale, jasho lingali usoni na wimbo ungali kinywani. Mwenye kuku alitoa kuku, mwenye kanga alimvika kanga, na mwenye fedha alimbandika fedha kwenye paji la uso mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyengoja mwimbaji afe ndipo amkumbuke.

Katika nyakati hizi mambo yamegeuka. Aghalabu mwanamuziki hupata sifa zake kamili siku ya mazishi yake. Wenzake hukusanyika msibani, hupanga onyesho la kumwenzi, huzipiga nyimbo zake usiku kucha, na redio huzirudia nyimbo hizo kwa siku kadhaa mfululizo. Kila anayepewa kipaza sauti hueleza jinsi marehemu alivyokuwa mtunzi hodari na mwalimu wa wengi. Maneno hayo huwa ya kweli. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kubwa: anayestahili kuyasikia hayupo tena, na familia yake, turubai likishakunjwa, hurudi kwenye kodi ya nyumba na deni la matibabu.

Hapana mfano unaolieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko maisha ya Marijani Rajabu, ambaye wapenzi wa muziki wa dansi walimpa jina la Jabali la Muziki. Marijani alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1955. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka ishirini, alijiunga na STC Jazz, bendi iliyokuwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Baadaye alihamia Safari Trippers, na huko ndiko jina lake lilikoenea nchi nzima na kuvuka mpaka hadi Kenya, kwa nyimbo kama “Georgina” na “Rosa Nenda Shule”. Mwishoni mwa muongo huo akawa nguzo ya Dar International, bendi iliyotoa “Zuwena”, “Mwanameka” na “Masudi”. Mwezi Machi 1995 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 40.

Mwalimu aliyefundisha katika miaka ya 1970 anajua uzito wa kazi ya mtunzi wa aina hii. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka nchi iharakishe elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwaka wa kulifikia lengo hilo. Walimu na viongozi wa vijiji walipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi waandikishe watoto wao, wa kike kwa wa kiume. Kuwa na wimbo wa dansi uitwao “Rosa Nenda Shule” katika muongo kama huo ilikuwa ni msaada ambao hakuna waraka wa wizara ungeweza kuuleta. Waraka husomwa na mkuu wa shule kisha huingia kwenye jalada, lakini wimbo humfuata msichana kisimani na shambani. Marijani alitunga pia juu ya mapenzi, ndoa, ukewenza na mienendo ya watu wa mjini, kwa Kiswahili kilichomfikia msomi na asiyejua kusoma kwa wakati mmoja. Huo ulikuwa utumishi wa umma, ingawa haukuwa na cheo wala pensheni.

Taifa lilipojiandaa kuadhimisha, mwaka 1987, miaka 20 ya Azimio la Arusha na miaka 10 ya Chama Cha Mapinduzi, Marijani alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliokusanywa katika kundi la Tanzania All Stars kurekodi nyimbo za sherehe hizo. Sauti yake, basi, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa sauti za taifa. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho, bendi yake ikiwa imekwisha nguvu, Jabali la Muziki alikuwa akiuza kanda za muziki karibu na nyumbani kwake ili apate riziki. Nchi nzima ilikuwa na nyimbo zake, naye alikuwa na meza ya kanda.

Tangu afariki, wenzake na wadogo zake katika fani hawakumtupa. Bendi za dansi zimeendelea kuzipiga nyimbo zake, na wasikilizaji ambao hawakuwa wamezaliwa siku alipozikwa wanaziimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo ni jambo la kupongezwa. Mwanamuziki anapousimamisha jukwaani wimbo wa mwenzake aliyetangulia, anauokoa na kifo cha pili ambacho ni kibaya kuliko kile cha kwanza, yaani kusahauliwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Wagogo aliyefariki Desemba 2003. Ndugu na watoto wake waliichukua marimba na zeze na kuendelea na kazi, na mpaka leo jina la Zawose linatajwa katika majukwaa ya Ulaya.

Lakini heshima ya jukwaani ina upungufu ambao hauna budi kusemwa waziwazi. Mara nyingi nyimbo za akina Marijani hupigwa kwa jina moja la jumla, zilipendwa, kana kwamba zilichipua zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Mtangazaji hutaja jina la bendi, akikumbuka. Mwimbaji wa leo hutajwa. Mtunzi hatajwi, na warithi wake hawaulizwi. Kumwenzi mtu kwa kutumia mali yake bila kumtaja wala kuwapa waliobaki nyuma yake chochote ni sifa iliyo nusu, na nusu inayobaki ni dhuluma.

Ili dhuluma hiyo iondolewe, inafaa kwanza ijulikane ilivyoanza, maana haikuanza kwa nia mbaya ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika, viwanda, vyama vya wafanyakazi na jumuiya za Chama. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Utaratibu huo ulikuwa na wema wake. Mwanamuziki alipata mshahara wa kila mwezi, na vyombo vya muziki, ambavyo yeye asingeweza kuvinunua, vilinunuliwa na mwajiri. Wakati huohuo utaratibu huo ulimzoesha mtunzi kuuona wimbo wake kuwa ni mali ya bendi, sawasawa na gitaa na ngoma. Alipohama bendi aliacha vyombo, na nyimbo akaziacha pia.

Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa kituo pekee cha redio Tanzania Bara hadi utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, ilirekodi bendi za kila upande wa nchi. Bila redio hiyo, sehemu kubwa ya muziki wa dansi isingekuwapo leo hata kwa kusimuliwa. Malipo ya kurekodi, hata hivyo, yalikuwa madogo, na wimbo ukishaingia studio ulirushwa hewani mara nyingi kadiri watangazaji walivyopenda bila mtunzi kuongezewa kitu. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, kwa hiyo bendi zilitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Katika muda huo kaseti ikaenea, na yeyote mwenye mashine mbili za kanda akaweza kunakili muziki wa redio na kuuza barazani kwake. Wimbo ukawa na soko kubwa kuliko wakati wowote, na mtunzi akawa nje ya soko hilo.

Hapo ndipo ule usemi wa wahenga ulipokatika. Zamani mwimbaji na mtunzaji walikuwa katika uwanja mmoja, na mkono wa mmoja ulifika kwenye paji la uso la mwingine. Redio iliubeba wimbo mamia ya maili, lakini haikuubeba mkono wa msikilizaji kuurudisha kwa mwimbaji. Mkulima aliyekaa Usangu jioni, redio yake ikiwa pembeni, aliburudika na Marijani wa Dar es Salaam, na hata angetaka kumtunza asingeweza. Mirabaha, ambayo wengine huiona kuwa jambo geni lililoletwa na wanasheria, ni jibu la tatizo hilo. Mrabaha ni mkono wa mtunzaji uliorefushwa ili umfikie mwimbaji aliye mbali. Ni desturi ya mababu iliyoandikwa katika lugha ya sheria.

Sheria hiyo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyounda COSOTA, na iliweka kwamba haki ya mtunzi katika kazi yake inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba mtunzi aliyefariki mwaka 1995 aliwaachia warithi wake haki inayofika mwaka 2045. Anayeupiga wimbo huo ukumbini kwa kiingilio, au kuutumia katika tangazo la biashara, au kuukata kipande na kukitia ndani ya wimbo mpya, hachezei mali isiyo na mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mirabaha ya nyimbo zilizopigwa katika vyombo vya utangazaji iligawiwa kwa wasanii, na hatua hiyo ilionyesha kwamba jambo linawezekana. Linalobaki ni kulifanya liwe desturi ya kila mwaka, na kuhakikisha kwamba linawafikia wakongwe na warithi wao ambao hawajawahi kujaza fomu yoyote.

Bara la Afrika limekwisha kujifunza somo hili kwa gharama. Kila asubuhi, katika maelfu ya shule za Tanzania, watoto husimama mstarini na kuimba Wimbo wa Taifa, ambao muziki wake ni wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Sontonga aliutunga mwaka 1897 kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake, akafariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Wimbo ukawa sala ya wapigania uhuru wa bara zima, lakini kaburi la aliyeutunga halikujulikana lilipo kwa miongo mingi. Lilitafutwa na kutambuliwa katika miaka ya 1990, na tarehe 24 Septemba 1996 likatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, Rais Nelson Mandela akiwapo. Mwalimu huyo alingoja miaka 91.

Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu aliyerekodi “Mbube” mwaka 1939, hakuwa na bahati zaidi. Wimbo wake ulikwenda Marekani, ukabadilishwa maneno, ukawaingizia watu wengine utajiri, naye alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walipata suluhu ya madai yao mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Wanamuziki wa dunia nzima walikuwa wamemwenzi Linda kwa kuuimba wimbo wake. Ilibidi wanasheria waje ndipo heshima hiyo iwafikie watoto wake mezani.

Yawezekana msomaji aliye mbali na Dar es Salaam au Johannesburg akaona kwamba mambo haya ni ya watu wa mijini. Nyanda za Juu Kusini zinaonyesha kwamba sivyo. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, iliyotamba katika miaka ya 1980 na kusikilizwa nchi nzima. Biashara ya mwajiri ilipodhoofika bendi nayo ikasambaratika, na wanamuziki wake wakatawanyika kutafuta maisha. Kabla ya gitaa kufika huko, Wahehe walikuwa na ligombo, ubao uliochimbwa kama hori na kupitishiwa nyuzi juu yake, ambao mpigaji aliutumia kusimulia vita, ukoo na mambo ya watawala. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa wenyeji, na wapigaji wa ligombo walikuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Aliandika majina yao. Sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Ikiwa mgeni aliyepita kwa gari mwaka 1950 aliona umuhimu wa kuandika jina la mpigaji, afisa anayeishi wilayani mwaka mzima hana sababu ya kushindwa.

Madibira, katika Wilaya ya Mbarali, ni mahali panapofaa kulipima jambo hili. Kata hiyo iko katika bonde la Usangu, mahali ambapo Mbeya inapakana na Iringa, na barabara inayotoka Mafinga hupita hapo kuelekea Rujewa. Wasangu, Wahehe na Wabena wanaishi pamoja na wakulima na wafugaji waliotoka mikoa mingine, na kila watu walikuja na nyimbo zao. Ziko za kilimo, za harusi, za mazishi na za kumwimbia mtoto alale. Kwaya za makanisa zina watunzi wao. Shule zina walimu wanaotunga nyimbo za mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, za mahafali na za kuwafunza wanafunzi hesabu na usafi. Marijani alikuwa na redio ya kumtangaza. Mtunzi wa Madibira hana hata hiyo, na akifa leo, hakuna kanda itakayorudiwa kwa siku hata moja.

Fikra hebu zielekezwe kwenye sherehe ya kawaida ya serikali katika kata yoyote. Ratiba huchapwa, na ndani yake huandikwa jina la mgeni rasmi, cheo chake na dakika atakazozungumza. Mwenyekiti, mtendaji na mratibu wa elimu kata, wote huandikwa. Ikifika sehemu ya burudani huandikwa neno moja tu: ngoma, au kwaya, au ngonjera. Kikundi huimba wimbo uliotungwa maalumu kwa siku hiyo, ambao pengine umemtoa mgeni rasmi machozi. Baadaye waimbaji hupewa soda na, mwaka ukiwa mzuri, fulana. Aliyeutunga ule wimbo ameketi safu ya nyuma. Mwaka unaofuata wimbo huo huimbwa na shule nyingine katika mashindano, nao huitwa wimbo wa shule ile. Hivyo ndivyo jina la mtu linavyofutwa bila kalamu.

Ngonjera zenyewe ni ushahidi. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyezikuza ngonjera na kuzieneza kama chombo cha kufundishia siasa na maadili. Hakuna shule ya msingi ambayo haijawahi kusimamisha watoto wawili wajibizane kwa mtindo huo. Kama wanafunzi hao wangeulizwa jina la aliyewaachia mtindo huo, ni wangapi wangelitaja? Na kama hawalijui, ni nani aliyepaswa kuwaambia?

Wakulima wa Madibira wenyewe wanao mfano unaotosha kulitatua suala hili. Mradi wa umwagiliaji wa huko, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, una mashamba ya mpunga ya hekta zipatazo 3,000 yaliyogawiwa kwa wakulima wadogo. Maji ya mto Ndembera yanatumiwa na wengi, lakini kila jaruba lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Hakuna mkulima atakayekubali jirani yake alivune jaruba lake, auze mpunga, kisha aje kumsifu msibani kwamba marehemu alikuwa mkulima hodari. Jirani wa namna hiyo ataitwa kwa jina lake halisi. Basi wimbo nao ni jaruba. Lugha, mapigo na hekima za mababu ni maji ya mto ambayo ni ya wote, lakini aliyelima, akapanda na kupalilia mpaka pakaota wimbo ana haki ya mavuno yake.

Watakuwapo wanaosema kwamba sanaa ni mali ya umma, na kwamba mtunzi mwenye uzalendo hapaswi kudai fedha kwa wimbo alioimbia taifa lake. Hoja hii inasikika vizuri, lakini haisimami. Mwalimu naye anatumikia taifa, na hakuna anayemwambia afundishe bila mshahara. Daktari, askari na karani wanatumikia taifa, nao wanalipwa na kustaafu kwa heshima. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni kwa mara ya kwanza, alieleza Bungeni kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Ikiwa utamaduni ndio roho ya taifa, ni vigumu kueleza kwa nini watunzaji wa roho hiyo ndio wawe watu pekee wanaotakiwa kuishi kwa kupigiwa makofi. Mkono mtupu haulambwi.

Wapo pia watakaosema kwamba fedha hazipo. Ni kweli kwamba halmashauri zina mahitaji mengi, na dawa na madawati haviwezi kuwekwa nyuma ya ngoma. Lakini sehemu ya kwanza ya heshima haigharimu hata shilingi. Kuandika jina la mtunzi katika ratiba ya sherehe kunahitaji wino uleule ulioandika jina la mgeni rasmi. Mtangazaji anayetaja mtunzi kabla ya kupiga wimbo anatumia sekunde tatu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba wimbo wanaojifunza ulitungwa na mzee fulani wa kitongoji fulani amewafundisha muziki, historia na adabu kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo wajibu wa kila mmoja unaonekana wazi. Walimu, walio wengi na walio karibu zaidi na wananchi kuliko watumishi wengine wote, wanaweza kuanzisha katika kila shule daftari la watunzi wa eneo lao: jina, kijiji, nyimbo alizotunga na mwaka, na kwa ruhusa yake sauti yake irekodiwe kwa simu, chombo ambacho sasa kiko mifukoni mwa wengi. Maafisa utamaduni wa wilaya wayakusanye madaftari hayo, na wawasaidie watunzi kusajili kazi zao wakiwa hai, maana mzee wa miaka 70 hawezi kutazamiwa aifunge safari ya kwenda mjini kutafuta fomu asiyoijua. Halmashauri zinapoalika vikundi vya sanaa ziwape mapatano ya maandishi na malipo yanayojulikana tangu mwanzo, kama zinavyofanya kwa mwenye turubai na mwenye vipaza sauti. Vikundi navyo vielezwe faida ya kujiunga na hifadhi ya jamii na bima ya afya, ili ugonjwa wa mwimbaji usiwe sababu ya kupitisha kofia.

Vyombo vya utangazaji, vya umma na vya binafsi, vina wajibu wa kutaja watunzi na kulipa kinachostahili bila kufukuzwafukuzwa. Hazina ya kanda za Radio Tanzania, ambayo imerithiwa na Shirika la Utangazaji, inapaswa kuorodheshwa kikamilifu, pamoja na majina ya watunzi na warithi wao, ili kila wimbo ujulikane wenyewe kabla mashahidi hawajamalizika. Wanamuziki nao, ambao ndio wenye uchungu wa kwanza, wawe wa kwanza kutenda. Bendi inayopanga usiku wa kumwenzi mwenzao aliyefariki ipange pia kwamba sehemu ya kiingilio itafika mikononi mwa mjane na watoto, na hesabu yake isomwe hadharani. Kijana anayetaka kuurudia wimbo wa mkongwe aliye hai aende kwanza nyumbani kwa mkongwe huyo, aombe ruhusa, atoe kilicho chake, na amshike mkono jukwaani watu wamwone.

Marijani Rajabu hawezi kurudishiwa miaka ile aliyokaa mbele ya meza ya kanda. Enoch Sontonga hakuusikia wimbo wake ukipigwa katika mkesha wa uhuru wa Tanganyika. Lakini katika kata ya Madibira, na katika maelfu ya kata nyingine, yupo mama anayetunga nyimbo za harusi ambazo wilaya nzima inaziimba, na yupo mwalimu wa kwaya mwenye daftari lililojaa. Hao wako hai. Wanajulikana nyumba zao. Kuwaheshimu hakuhitaji tume wala semina. Kunahitaji watumishi wa umma na walimu waamue kwamba jina la mtunzi litaandikwa katika ratiba ya sherehe ijayo, na kwamba atakapomaliza kuimba atatunzwa, kama wahenga walivyoagiza, jasho lingali usoni mwake.